Tunduma Haikukuzwa na Ndege

Kuna imani imekaa vichwani mwa watu wa Mkoa wa Songwe na haiulizwi maswali. Inasema kwamba siku ndege za nje zitakapoanza kutua Songwe, ndipo Nyanda za Juu Kusini zitakapofunguka. Parachichi la Rungwe litachumwa leo na kuliwa Amsterdam kesho, mfanyabiashara wa Tunduma atapanda ndege asubuhi na jioni yuko Dubai, wawekezaji watapishana mlangoni na vijana watapata kazi. Utaisikia kwenye mikutano ya hadhara, redioni na kwenye vijiwe vya kahawa, na kila anayeomba kura lazima aiguse. Mimi nasema imani hiyo si kweli, na ubaya wake ni kwamba inatugharimu.

Tuitazame Tunduma yenyewe. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta na watu wasiofika laki moja. Sensa ya 2022 iliikuta na zaidi ya laki mbili. Mji umekua zaidi ya maradufu ndani ya miaka kumi, na katika miaka yote hiyo haukuwa na uwanja wa ndege. Uwanja wa karibu, huo unaoitwa Songwe, uko Wilaya ya Mbeya, mkoa mwingine, kilometa zipatazo 80 kutoka hapa, na siku ya foleni ya malori Mungu ndiye ajuaye utafika saa ngapi. Watu waliofurika Sogea, Majengo na Mpemba walikuja kufuata mpaka. Walikuja kwa sababu ya barabara kuu ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA ambayo Wachina waliikabidhi mwaka 1976, na Nakonde iliyo hatua chache ng'ambo. Mwaka 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Hapo ndipo wanapopata riziki mawakala wa forodha, wabadilisha kwacha, mama lishe, mafundi wa matairi na wenye nyumba za wageni.

Sasa tupime kwa mizani. Juni 2023 Serikali ilipokea ndege ya mizigo, Boeing 767-300F, tukapiga vigelegele. Ni ndege nzuri, inabeba tani 54. Malori mawili tu yanayosubiri zamu pale mpakani, moja limebeba shaba ya Kongo na jingine salfa ya kupeleka huko, yanakaribiana na mzigo huo. Nyuma yao kuna mamia. Mtu anayetaka uchumi wa Tunduma ubebwe na ndege hajawahi kusimama kando ya barabara akahesabu magurudumu.

"Lakini parachichi!" Najua. Parachichi limekuwa hoja ya kila mtetezi wa safari za kimataifa, kwa hiyo tulizungumze kwa kina.

Parachichi halisafiri kwa ndege. Mkulima wa Rungwe, Mbozi au Ileje akivuna parachichi aina ya Hass, tunda linapozwa, linapangwa kwenye boksi la kilo nne, linaingia kwenye kontena lenye baridi ya nyuzi tano au sita, kisha kontena linashuka bandarini Dar es Salaam au linavuka hadi Mombasa, na huko linapanda meli kwa safari ya wiki kadhaa. Kenya inauza hivyo. Peru, inayotushinda sote, inauza hivyo. Tunda hili haliivi likiwa mtini, huanza kuiva likishachumwa, na baridi hulichelewesha. Meli ikichelewa sana huharibika, ndiyo, lakini nauli ya ndege kwa kilo ikijumlishwa na bei ya shambani, mnunuzi wa Rotterdam anageukia wengine. Mwishoni mwa 2023 Wahouthi walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, meli zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na safari ikarefuka. Wasafirishaji wa Afrika Mashariki walilia, maana mizigo ilifika imechoka. Huo ndio wakati ambao ndege ingekuwa mkombozi kama hesabu ingekubali. Haikukubali.

Kahawa ya Mbozi je? Inakaa kwenye gunia miezi na haina haraka. Mahindi, maharage na mchele? Vinakwenda kwa lori. Pareto ya Ileje? Lori. Tukitafuta kwa uaminifu kitu kinachozalishwa kona hii ambacho kweli kinahitaji ndege, tutabaki na dhahabu, ambayo haihitaji ndege kubwa, na maua na mbogamboga laini ambazo hatujazilima kwa wingi wa kujaza hata ndege moja kwa wiki.

Tuseme tutazilima. Bado ushahidi hautuungi mkono, na uko hapa hapa nyumbani. Uwanja wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971, una njia ya kurukia ya mita 3,600, na unapokea mashirika makubwa ya nje. Uko jirani kabisa na mashamba ya maua ya Arusha na Kilimanjaro. Maua hayo kwa miaka mingi yamepita wapi? Yamepakiwa kwenye malori ya baridi, yakavuka Namanga, yakaenda kupanda ndege Nairobi. Wenye mashamba hawakuchukia uwanja wa nyumbani. Nairobi kuna ndege nyingi zinazogombea mzigo, kwa hiyo nauli inashuka, na ikikosekana nafasi leo usiku, kesho alfajiri kuna ndege nyingine. Naivasha, yenye mashamba ya maua yanayojulikana dunia nzima, haina uwanja wa kimataifa wa kwake. Waridi la Naivasha hupanda lori kwenda Nairobi kila siku na biashara inanawiri.

Wakenya hao hao walijenga Eldoret. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1997 ukiwa na njia ya mita 3,500, na uliuzwa kwa wananchi kwa ahadi hizi hizi tunazozisikia sisi: mazao ya Bonde la Ufa yatapaa moja kwa moja hadi Ulaya. Ndege za mizigo zilikuja kweli. Zilileta nguo, simu na vifaa vya umeme kutoka Dubai na China, zikashusha, zikaondoka tupu au karibu tupu. Uwanja uliojengwa kutoa mazao ukawa mlango wa kuingizia bidhaa za wengine. Mbali zaidi, Sri Lanka walijenga uwanja wa Mattala, wakaufungua Machi 2013 kwa mkopo wa China, katika wilaya ya nyumbani kwa rais wao. Ukapata sifa ya uwanja mtupu kuliko yote duniani, na deni likabaki palepale.

Watetezi husema uwanja hujengwa kwa ajili ya kesho. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama Songwe ingekuwa bado pori. Uwanja ule ulijengwa kwa zaidi ya miaka kumi, ukaanza kupokea ndege Desemba 2012, kisha ukakaa miaka mingine mingi bila taa za kuongozea ndege usiku. Taa zimewekwa, njia ya kurukia imekarabatiwa, jengo jipya la abiria limejengwa. Taa nilizitaka na sizijutii: abiria aliyekuwa akirudishwa Dar es Salaam kwa sababu ya ukungu au giza alistahili kuzipata. Lakini njia ya Songwe ina urefu wa mita 3,330. Ya Zanzibar ina mita 3,022, na hapo wanatua Qatar Airways, Turkish Airlines na wengineo. Kama urefu wa lami ndio ungeita ndege, Songwe ingekuwa imeishinda Zanzibar zamani. Zanzibar wageni wapo, wamelipa hoteli, wanataka kufika. Shirika la ndege hufuata abiria waliokwisha kuwepo na wenye fedha mkononi. Halianzishi safari kwa sababu mkoa fulani una hamu.

Mfano mmoja tunaujua vizuri, maana wengi wetu tulipanda. Fastjet ilipoanza kuja Songwe mwaka 2013 ikiwa na ndege zake za Airbus A319 na nauli za chini, watu ambao maisha yao yote walikuwa watu wa basi walijikuta uwanjani. Jengo lilikuwa la kawaida, taa za usiku hazikuwepo, lakini viti vilijaa kwa sababu ya bei. Shirika hilo hilo lilikuwa na njaa ya safari za nje, likafungua Johannesburg, Lusaka na Harare. Zote lilizianzisha kutoka Dar es Salaam. Songwe ilikuwa kwenye ratiba yake, Zambia iko hapa jirani, na bado wafanyabiashara wale, ambao kazi yao ni kupiga hesabu, hawakuona abiria wa kutosha kuunganisha moja kwa moja. Mwishoni mwa 2018 Fastjet haikuwepo tena Tanzania, na tangu hapo bei ya tiketi ya Songwe inajulikana.

Basi nani atarusha hizo safari za kimataifa? Jibu la haraka ni ATCL, shirika letu la ndege la taifa. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu kwa mwaka wa fedha 2023/24 ilionyesha shirika hilo limepata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 90. Baadhi ya ndege zake za A220 zimekaa chini kwa vipindi virefu kwa sababu ya injini za Pratt & Whitney, tatizo lililowakumba wengi duniani. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia ATCL kuruka katika anga yake, na Juni 2025 marufuku hiyo ikapanuliwa kwa mashirika yote yenye leseni ya Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa usimamizi wa usalama wa anga. Maana yake ni kwamba hata tungemwaga zege kutoka Mbalizi hadi Vwawa, ndege yetu isingeruhusiwa kupeleka parachichi Ulaya. Dawa ya marufuku hiyo ni wakaguzi waliofunzwa na mamlaka yenye meno; hivyo navyo vinahitaji fedha, ila havikatiwi utepe.

Na safari tupu haziendi bure. Uwanja ukipewa hadhi ya kimataifa unahitaji uhamiaji, forodha, afya, zimamoto wa daraja la juu na mafuta ya kutosha, kila siku, iwe ndege imekuja au haikuja. Abiria wa ndani anachangia shilingi 10,000 kwa tiketi kama ada ya huduma, wa nje dola 40. Abiria wasipokuwepo, pengo linazibwa na kodi iliyo kwenye dizeli, sukari na muda wa maongezi. Yaani linazibwa na mtu wa Ikinga.

Ikinga ni kata ya Wilaya ya Ileje, upande wa Malawi. Huko Kabulo, STAMICO, shirika la madini la taifa, inachimba makaa ya mawe tangu 2017. Makaa hayo yanatoka kwa lori, na hakuna aliyewahi kupendekeza yapande ndege, jambo ninaloshukuru. Mkulima wa Ikinga ili aione ndege ya Songwe kwa karibu lazima atoke nje ya mkoa wake. Mama mjamzito wa huko anahitaji gari lifike hospitali ya wilaya Itumba mvua ikiwa inanyesha. Kahawa na ndizi zake zinahitaji barabara ya milimani isiyokatika masika. Mwambie uwanja wa ndege ndio utakaomwinua, kisha umsikilize atakachokujibu kwa Kindali.

Sidai uwanja ufungwe. Songwe ihudumiwe, mitambo ya kuongozea ndege kwenye ukungu itunzwe, mashirika binafsi yavutwe yashindane na ATCL ili nauli ya Dar es Salaam ishuke. Hizo ni kazi za uwanja wa ndani, na ndizo zenye abiria. Lakini fedha mpya ya mkoa huu iende kwanza mahali palipo na mzigo. Upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne, unaojengwa Mbeya kutoka Uyole hadi uwanja wa ndege kwa kilometa 29, usiishie getini pa uwanja. Ufike Tunduma, ambako foleni iko. TAZARA ina makubaliano ya dola bilioni 1.4 na kampuni ya CCECC ya China, yaliyosainiwa 2025. Wabunge wetu wausimamie mradi huo hadi behewa lichukue shaba inayoharibu barabara. Vyumba vya baridi vya parachichi vijengwe Mbozi na Ileje, karibu na shamba, maana tunda linaanza kuharibika huko, muda mrefu kabla ya kuiona bahari.

Wabunge na madiwani wa Songwe, katika bajeti inayokuja msituletee tena ahadi ya ndege za nje bila majibu ya maswali matatu: ni shirika gani limeomba kuja, litabeba nani na nini kwa wiki, na viti vikibaki vitupu nani analipa. Asiye na majibu hayo akae chini, tuzungumzie barabara ya Ikinga.