Tusiwakalishe Wazee Wetu

Sisi watu wa Unguja tuna haki ya kujivunia jambo moja: hatuwatupi wazee wetu. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo zinawahifadhi wachache wasio na wa kuwatunza. Walio wengi huzeekea majumbani, kati ya watoto na wajukuu. Ni jambo jema kabisa. Lakini ndani ya wema huo limejificha kosa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mama akishafika miaka 70 huanza kuambiwa, "Wewe kaa tu, bibi, kazi ushafanya." Anaondolewa kwenye mbuzi ya nazi, ananyang'anywa ungo wa mchele, anakatazwa kwenda sokoni Darajani. Chakula analetewa kitandani. Majirani wanasifu: huyu kapata watoto! Haupiti muda mrefu, hawezi kuinuka ila kwa kushikwa, na sote tunasema ni uzee. Si uzee peke yake. Udhaifu ule mwingine tumemtia sisi, kwa mapenzi yetu.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitangaza walichokiona baada ya kuwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu: miguu yao ilipoteza karibu kilo nzima ya nyama. Sasa mpimieni anayekalishwa mwaka mzima! Tena, mwaka 1994, kule Boston, wazee dhaifu wa wastani wa miaka 87 walizoezwa miguu kwa uzito kwa wiki 10, na nguvu za misuli yao zikaongezeka zaidi ya maradufu. Basi nguvu zinaweza kurudi hata umri ukiwa mkubwa hivyo, na asiwepo wa kutuambia kuwa muda umekwisha.

Najua nitakavyojibiwa: je, akianguka? Hofu hiyo ni ya kweli, maana nyonga ikivunjika uzeeni ni msiba. Lakini miguu iliyolegea kwa kukaa ndiyo inayoangusha. Tengenezeni nyumba, msimfunge mtu. Ngazi za Mji Mkongwe ni kali na zina giza. Tieni taa, wekeni kishikio madhubuti ukutani, ondoeni mikeka inayoteleza. Mzee anayeishi ghorofani Shangani, au juu kule Michenzani, asiposhuka anakosa baraza, anakosa jua na mazungumzo ya wenzake. Ateremke polepole, kijana akitangulia chini yake.

Na katika dini yetu mna mazoezi ambayo hatuyahesabu. Sala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina kurukuu, kusujudu na kuinuka. Kiti ni rukhsa ya asiyeweza. Anayeweza, tusimharakishie kiti kwa huruma.

Tutazame na sahani yake. Chai ya rangi na mkate asubuhi, chai na mkate usiku, haviwezi kujenga misuli. Mzee anahitaji dagaa, samaki, choroko, kunde, maziwa, mayai. Kama meno hayapo, vipondwe. Akikonda bila sababu, akichoka upesi, mkono ukilegea, mwendo ukipungua, akawa hana hamu ya kutoka, msingoje aanguke. Mpelekeni kwa daktari.

Tena tusimkalishe hata katika mambo ya fedha. Serikali ya Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, na baadaye ikapandishwa kuwa 50,000. Fedha hizo ni zake. Aulizwe zinunue nini, wala zisiishie mfukoni mwa mjukuu kwa kisingizio kuwa bibi hana matumizi. Mtu asiyeulizwa lolote nyumbani mwake hudhoofika moyo kabla ya mwili.

Nina ombi kwa Wizara ya Afya pia. Wahudumu wa afya wa jamii wanabisha hodi katika shehia zetu wakiuliza habari za wajawazito na watoto wachanga. Wamuulizie na mzee wa nyumba. Wamtazame akiinuka kitini na kutembea hatua chache, waandike, na safari ijayo watazame tena. Kazi hiyo haitaki mashine, wala haimalizi dakika tano.