Kabla Hujaagiza Vigae

Sakafu ya nyumba ya kupanga ikianza kumeguka pale Kilwa Masoko, kila jirani huwa fundi. Ushauri wao hautozwi senti, lakini humgharimu mwenye nyumba.

"Weka vigae, mambo yaishe." Hili ndilo hutangulia, hasa tangu vigae vianze kutengenezwa Mkuranga, kwenye barabara hii hii ya Dar es Salaam. Kuvipata ni rahisi, sikatai. Ila chumba cha mita 3 kwa 3 kinakula vigae 57 vya sentimita 40, na ukihesabu vya kukatwa na kuvunjika vinafika 62 hivi. Bado gundi, groti na ujira wa fundi. Na hapo hujagusa kilichoivunja sakafu. Nyumba nyingi za pwani hii zimekaa juu ya mchanga na matumbawe, tena jamvi lake, yaani zege la chini, lilimwagwa bila nailoni chini. Maji hupanda na chumvi yake. Yakikauka, chumvi hubaki kwenye vitundu vya saruji, hukua, huimenya ngozi ya juu. Bandika kigae hapo, halafu kigonge baada ya masika: kitalia kama debe tupu.

Kwa hiyo pima unyevu kwanza. Kata kipande cha nailoni, kibandike sakafuni kwa solotepu pande zote, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chini, tatizo si sura ya sakafu, ni unyevu wa chini.

"Basi tandika zulia la plastiki." Penye sakafu kavu yenye nyufa ndogo, tandika, mpangaji akihama atalikunja aende nalo. Penye unyevu linaficha tu, na chini yake ukungu unaota. Heri mkeka wa ukili, unapumua.

"Mchanga wa kuchanganya na saruji uko ufukweni, bure." Huo una chumvi ile ile unayoikimbia. Nunua wa mto au wa shimo.

"Niru ni ya kimaskini." Yaani sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi ing'ae. Hapa ndipo ninapogomba. Vuka hadi Kilwa Kisiwani uione Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman la karne ya 14. Ni matumbawe na chokaa, na mwenyewe hakuwa maskini: dhahabu ya Sofala ilipitia bandarini kwake. Uzuri wa chokaa ile ulitoka kwenye mkono wa fundi, na niru ni hivyo hivyo. Bandua sakafu yote iliyooza mpaka ufikie zege gumu, fagia, lowesha. Mwaga sentimita 4 za mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, kisha, ikingali mbichi, nyunyiza saruji tupu na kusugua kwa mwiko wa chuma hadi ing'ae. Chumba kile kile kitataka mifuko mitatu hivi ya kilo 50. Kama nailoni ilitoa matone, tanguliza nailoni nzito, upandishe unene hadi sentimita 6 au zaidi, kwa kuwa sakafu mpya haitashikana na zege la chini. Mlango upimwe mapema, usije ukagoma kufunguka! Halafu imwagilie maji kwa siku saba. Wengi hushindwa hapa: siku ya pili kitanda kimesharudi ndani, na miguu yake imeacha alama zisizofutika.

"Mpangaji atengeneze, si ndiye anayekaa?" Anaweza, mkikubaliana makato ya kodi. Yaandikwe kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa: kiasi gani, miezi mingapi, nani alikuwepo. Risiti za saruji akae nazo mpangaji, na mwenye nyumba apewe nakala.