Bomba la Moshi Si la Kelele Tu

Likizo iliyopita nilisafiri katika gari la mjomba wangu. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka chini ya kiti cha nyuma, nasi tuliokaa huko tulishikwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Mjomba akasema, "Hizo ni kelele tu, haziui mtu." Sikuthubutu kumbishia mkubwa wangu, lakini yafaa niseme hapa.

Watu wengi hudhani ekzosi ni ya kutoa moshi tu. Kumbe ina kazi tatu. Kwanza, hukusanya hewa chafu ya silinda zote na kuipeleka nyuma, mbali na abiria. Pili, huipitisha katika masega yenye madini kama platinamu na paladiamu, ambayo huigeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi. Tatu, sailensa hupunguza mshindo.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hivyo mtu aweza kufa huku akipumua.

Basi, naona ni kosa kubwa kung'oa masega ili kuyauza, au kutoa sailensa ili gari lingurume. Wazazi wetu, tobo lichomelewe mapema, na gari lisiachwe likiunguruma ndani ya banda lililofungwa.

Nilimweleza mama, naye akamwambia kaka yake. Tobo limekwisha zibwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa, ndugu msomaji, ungechimba kaburi.