Sekunde 0.2 Si Onyo

Sisi waandishi wa habari tuna sentensi yetu pendwa gari linalojiendesha likiua mtu: "dereva hakuwa makini." Fupi, safi, na inawaokoa wengi. Isome kama unavyosoma hadithi, umtafute mtenda. Yuko mmoja tu. Wengine wamefutwa.

Chukua Tempe, Arizona, usiku wa 18 Machi 2018. Gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku anasukuma baiskeli. Ripoti ya uchunguzi ya serikali ya Marekani inasema vihisi vilimnasa sekunde 5.6 kabla. Tano na ushee! Kompyuta ikamwita gari, ikamwita kitu kingine, ikamwita baiskeli, maana programu haikuandaliwa kumfikiria mtu anayevuka pasipo kivuko. Breki za dharura za Volvo yenyewe zilikuwa zimezimwa. Mlio wa kumzindua dereva ulitoka zikiwa zimebaki sekunde 0.2.

Jamani, 0.2! Huo ni muda wa kupepesa jicho.

Ni kweli dereva alikuwa anatazama kipindi kwenye simu, na hilo silitetei. Ila tuulize tulimpa kazi gani. Kukaa, kutoshika kitu, kungoja kosa ambalo huenda lisitokee leo wala kesho. Tangu 1948 Norman Mackworth alionyesha kwamba mtu akikodolea mshale wa saa, ndani ya nusu saa anaanza kupitwa na mambo. Lisanne Bainbridge aliandika 1983 kuhusu kejeli hii hii: mashine inabeba kazi, binadamu anaachiwa dharura, tena akiwa amepoteza mazoezi. Hayo yote yalijulikana. Bado, miezi michache kabla ya ajali, kampuni iliondoa mtu wa pili garini.

Mwaka 2019 waendesha mashtaka wakasema kampuni haina jinai. Mwaka 2023 dereva akakiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu ya uangalizi.

Sasa wanakuja na dawa: mlio uwe mkali zaidi, kiti kitetemeke. Sawa, vitetemeke. Lakini onyo lazima lije macho yanapohama barabarani, si mauti yakishafika kwenye bampa. Na dereva asipoitika, gari lipunguze mwendo lenyewe. Asiyeweza kutengeneza hivyo asituuzie gari hilo.

Na wewe ripota mwenzangu, ukiandika habari hizi, anza na zile 5.6. Simu ya dereva iweke aya ya tatu.