TAHARIRI: Mgeni Mwenye Habari ya Kazi

Si jambo geni siku hizi, baada ya swala ya Alasiri, kuwaona vijana waliomaliza vyuo wameketi barazani mwa msikiti, wote wameinamia simu zao. Mzee apitaye hunung'unika. Mwandishi wa mistari hii naye alikuwa miongoni mwa wanung'unikao, na amepata kuzifungia kabatini simu za wanafunzi kwa juma zima, mpaka siku alipomjia mwanafunzi wake wa zamani, mhitimu wa uhasibu, na kumwonyesha kilichokuwamo katika simu yake. Ulikuwa ni ujumbe wa mtu aliyejitambulisha kuwa ni afisa ajira wa kampuni ya nje. Picha nadhifu, lugha ya upole, na mwishoni ombi la shilingi 150,000 "za vipimo vya afya". Kijana alikwisha kuzituma. Fedha zenyewe mama yake alizitoa katika zamu yake ya upatu. Siku ya pili akaunti ile haikuwapo tena.

Lililo jepesi kusema ni kwamba vijana waiache mitandao ya kijamii. Sisi hatusemi hivyo. Kosa la kijana yule halikuwa kuzungumza na mgeni, bali kutomhoji mgeni.

Mwaka 1973 mwanachuoni wa elimu ya jamii huko Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala ambayo mpaka leo inarejewa. Aliwauliza watu waliokuwa wamepata kazi kupitia mtu: ulikuwa ukionana naye mara ngapi? Waliokuwa wakionana naye mara kwa mara hawakufika hata mmoja katika watano. Wengi walipewa habari na mtu waliyekuwa wakikutana naye mara moja moja tu. Na ukilitafakari jambo hili utaliona kuwa ni dhahiri. Ndugu yako, jirani yako na rafiki yako wanazijua kazi zile zile unazozijua wewe. Habari usiyokuwa nayo iko kwa mtu wa mbali. Mwandishi huyu, alipokuwa akisoma Khartoum, alikaa ndani ya basi pamoja na mtu asiyemjua, wakazungumza muda wa saa moja. Miaka miwili baadaye ni mtu yule yule aliyemwelekeza kwenye madrasa anayofundisha sasa. Ami zake wote walikuwa hawana habari ya nafasi ile.

Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti wa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, nao ukayathibitisha hayo kwa kipimo: wanaofaa zaidi katika kuhama kazi ni wale tunaojuana nao kwa mbali, lakini si wale tusiojuana nao hata kidogo. Maana yake ni kwamba anayekusanya "marafiki" elfu moja asiowajua anajichosha. Na amwandikie mwalimu wake wa chuo, aliyefanya naye mazoezi ya kazi, au mtu wa fani yake ambaye wana mjuani mmoja kati yao.

Mtandao huo ulifunguliwa mwaka 2003, na tangu mwaka 2016 umo mikononi mwa Microsoft. Namna maafisa ajira wanavyoutumia ni nyepesi kuieleza, na inasikitisha kwamba vijana wetu hawaelezwi. Afisa huandika maneno, yaani jina la fani, ujuzi na mji, kisha huletewa kurasa zenye maneno hayo. Kijana aliyeandika juu ya ukurasa wake "natafuta kazi yoyote" hatoonekana, kwa sababu hakuna mwajiri duniani anayetafuta mtu wa kazi yoyote. Aandike "mhasibu", ataje programu ya hesabu anayoijua, ataje Tanga au Mombasa alipo. Na barua yake iwe fupi: "Mheshimiwa, nimesoma uhasibu na nimeshika vitabu vya duka la jumla kwa miaka miwili. Nimeona mnatafuta mtunza hesabu za ghala. Je, maombi bado yanapokelewa?" Hilo linamtosha mtu mwenye shughuli. "Mambo bosi, nisaidie" halimtoshi.

Fundi umeme mmoja wa mtaani kwetu hakupata kuandika barua hata moja. Alikuwa akipiga picha kila mtambo wa umeme wa jua alioufunga, na chini yake akieleza kwa Kiswahili alikosea wapi na akarekebisha vipi. Mkandarasi wa mji mwingine aliyasoma makosa yale, akampigia simu.

Amma kuhusu kutia chumvi, hapa tunazungumza kwa uchungu wa mwalimu. Wamo waliosoma Kiarabu kwetu kwa miaka miwili, nao katika wasifu wameandika "Kiarabu: fasaha". Muulizaji akianza kwa Kiarabu kwenye simu, ufasaha huo unakwisha pale anapoulizwa anakaa wapi. Kijana wa namna hiyo anamharibia hata mwenzake atakayekuja baada yake akiwa ameandika kweli.

Turejee kwa mgeni wetu. Wapo waliopoteza zaidi ya fedha. Vijana kutoka Kenya, Uganda na Ethiopia waliahidiwa mitandaoni kazi nzuri nchini Thailand, wakavushwa mpaka kuingizwa Myanmar, wakafungiwa katika majengo ya Myawaddy na kulazimishwa kuwatapeli watu wengine kwa simu. Mwaka 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 walikuwa wakishikiliwa hivyo nchini Myanmar. Februari 2025 maelfu walitolewa humo. Waliowachukua walijiita maafisa ajira pia.

Kwa hiyo mgeni aulizwe, na asione haya kuulizwa. Wakala ana leseni namba ngapi? Ajibupo, namba hiyo ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi au TaESA kwa walioko Tanzania bara, na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwa walioko Kenya. Kampuni aliyoitaja ipigiwe kwa namba yake yenyewe, si kwa namba aliyoitoa yeye. Mkataba usomwe kabla ya safari, na viza iwe ya kazi. Anayekwambia usafiri kwa viza ya utalii kisha "mambo yatarekebishwa huko" amekwisha kukujibu. Ama fedha, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unawazuia mawakala binafsi kumtoza mtafuta kazi ada, iwe ya wazi au ya kuzunguka, isipokuwa pale serikali ilipoweka ruhusa maalumu. Kwa nafasi za nyumbani, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ya Tanzania haiuzi kazi.

Nanyi wazazi wenye mabinti, msiwapokonye simu. Kaeni nao mwombe kuusoma ujumbe. Afisa ajira anayepiga saa 5 usiku, au anayetaka picha zaidi ya ile ya pasipoti, hatafuti mfanyakazi. Binti anayeogopa kupokonywa simu hatokuonyesha ujumbe huo, na hapo ndipo anapobaki peke yake na mtu yule.

Mwanafunzi wetu wa uhasibu amepata ujumbe mwingine juma lililopita, wa kazi ya ghala huko Ghuba, na safari hii aliuleta msikitini kabla ya kuujibu. Tuliusoma pamoja, akaandika swali moja tu, la namba ya leseni. Mpaka tunakwenda mitamboni alikuwa bado hajajibiwa.