*MAONI YA TAWI: MAJI YETU YANAANZIA ULUGURU*



Oktoba 2022 hatujaisahau. Mto Ruvu ulipungua, DAWASA ikatangaza mgao, nasi hapa Kariakoo tukahangaika na madumu. Wengi tulilaumu mabomba. Lakini sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Ruvu, na Ruvu huanzia milima ya Uluguru, Morogoro. Msitu wa kule juu hunyonya mvua na kuyaachia maji kidogo kidogo hadi kiangazi. Mteremko ukifyekwa, mvua hushuka kwa pupa pamoja na udongo, kisha mto hukauka.

Nani analima miteremko ile? Ni wale wale wanaotulisha. Kabichi na karoti za Mgeta, ndizi na viungo vya Matombo, vyote huja sokoni kwetu. Mkulima akilipwa bei ya kutupa, huziba pengo kwa kufyeka shamba jipya au kuchoma mkaa. Na mkaa tunaununua sisi.

Wapo wanaosema dawa ni kuwabana wakulima. Hatukubaliani nao. Mwaka 1955 Waluguru waliyakataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni kuyachimba bila ujira, na mpango ukafa. Zaidi ya nusu karne baadaye, huko huko Uluguru, upande wa Kibungo, CARE na WWF walipita njia nyingine: mkulima aliyechimba matuta na kupanda miti kwa hiari alilipwa, na DAWASCO ya wakati huo ikachangia. Mkulima ni yule yule. Kilichobadilika ni heshima na malipo.

*Msimamo wa tawi:*

1. Madiwani na mbunge wetu wadai sehemu ya ada ya maji iwafikie wakulima wanaotunza vyanzo vya Ruvu.

2. Wafanyabiashara wanachama tuache lumbesa. Tununue kwa mizani.

3. Mama lishe na baba lishe wa tawi tuwaanzishie mfuko wa kukopeshana mitungi ya gesi. Mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, tusisubiri kusukumwa.

Tunajua namba 2 itawauma baadhi yetu, maana faida ya wengi imo kwenye lumbesa. Ndiyo sababu hatutaki ipite kimya kimya. Mjadala ni Jumapili hii, saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Asiyekubali aje na hoja yake.

_Uongozi wa Tawi, Kariakoo_