Uso wa bure

JICHO LA PEMBENI, na Salma Mbaruku

Kila nikitaja picha alizojichora Rembrandt, mchoraji wa Kiholanzi, hakosi mtu wa kunidakia: “Aa, hizo ni selfi za zamani.” Sikubali. Mpiga selfi hutafuta pembe itakayompendezesha, asipoipata anafuta. Rembrandt, mwaka 1630, kijana wa Leiden wa miaka kama 24, alisimama mbele ya kioo, akatumbua macho, akaachama kama aliyefumaniwa, akajichora vivyo hivyo.

Picha hiyo ni ya kuchapwa, na chapa yenyewe ina kimo cha sentimita 5 tu. Kiberiti kinakaribia kuifunika yote. Mwaka huohuo akachora ombaomba mwenye matambara, kaketi chini, kanyosha mkono, kinywa wazi. Uso wa ombaomba ni wake.

Mimi naona sababu ni ya fundi. Mtu wa kukaa achorwe hudai malipo, tena huchoka. Uso wako ni bure, na ukiuambia ukasirike unakasirika. Kijana alikuwa anajifunza jinsi hofu inavyokunja ngozi.

Na kazi ya kutengeneza chapa haikuwa nyepesi. Bamba la shaba hupakwa nta, ukachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha tindikali ikala palipokwaruzwa. Wino hukaa humo. Karatasi ikigandamizwa, picha hutoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Hapa ndipo ninapopapenda: kioo nacho kilikwisha kuugeuza uso. Ukigeuzwa mara mbili, unarudi ulivyo. Kwa hiyo tunamwona kama walivyomwona jirani zake, si kama alivyojiona mwenyewe. Maandishi ndiyo hayana bahati hiyo. Katika chapa moja ya 1629, herufi za jina lake na mwaka zimetoka kinyumenyume. Alisahau, au hakujali. Vyovyote vile, kosa lile limenifunza uchapaji kuliko kitabu.

Mnamo 1639 alijichora kaegemea ukingo wa jiwe, kavaa kama bwana mkubwa wa Italia. Hiyo, sawa, iiteni selfi.

Lakini ya 1648 inaturudisha kazini. Yuko mezani kando ya dirisha, kofia ya kawaida, hana mapambo wala makeke. Mtu wa miaka arobaini na ushei. Macho yanatutazama sisi, au tuseme yanatazama kioo, na mkono haujaacha kuchora.